Mashati ya Wamarekani na Ovaroli za Wamisri

Nyie vijana mnaokaa kwenye kibaraza cha duka la mbolea, juzi niliwasikia mkibishana. Mmoja kasema duniani hakuna maisha kama ya Wamarekani. Mwingine kasema Wamisri nao wamo, tena wana nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mkawa mnasukumiana simu, "soma hapa, we soma hapa," mpaka chipsi zenu zikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenu na hakuna aliyeniuliza. Nyie mmesoma kwenye simu. Mimi nimefua chupi zao.

Basi nawaandikia, kwa mkono wa kushoto, msicheke mwandiko. Naitwa Hoza. Shule niliachia darasa la nne, udobi nikaufanya miaka ishirini na sita hapa hapa Lushoto. Sikustaafu kwa barua wala kwa soda na keki. Mkono wa kulia ndio ulionistaafisha, na nitawataja waliohusika kwa majina yao, maana umri wangu haujawa mkubwa lakini woga umeshaniisha.

Kwanza kazi yenyewe. Wengi mnadhani kufua ni maji na sabuni. Aliyenifundisha ni Mzee Shemweta, mtu mfupi, mkali, vidole vimekunjamana muda wote kwa kukaa majini. Alitufundisha wawili pamoja, mimi na Kaniki, watoto wa kitongoji kimoja. Siku ya kwanza alitupa shati mezani akauliza, "Mnaona nini?" Kaniki akasema shati. Mimi, nikijifanya mjanja, nikasema shati chafu. Kila mmoja alikula kofi la kisogoni.

"Mnaona mtu," Mzee akasema. "Kola inakwambia anaoga au haogi. Kiwiko kinakwambia anakaa mezani au anabeba. Mfuko unakwambia yaliyobaki. Kabla ya maji, soma."

Ndiyo elimu yangu hiyo. Mengine alitupa kidogo kidogo. Mkaa wa paini wa kutoka Shume usiutie kwenye pasi hata ukipewa bure: unaruka cheche, na cheche moja ni tundu moja kwenye shati la mwenyewe. Tafuta mkaa wa miwati, huo unawaka taratibu na hautemi. Ukungu ukilala siku nne mfululizo, usianike nguo juu ya moto wa kuni, zitanuka moshi mpaka Idi. Zikamue, zikunje ndani ya taulo kavu, likanyage hilo taulo kwa miguu, kisha piga pasi ya uvuguvugu upande wa ndani. Na nguo yenye mafuta na pasi yenye moto visikae chini ya bati moja. Hilo la mwisho alilisema karibu kila siku, tukawa tunamwigiza akigeuka kisogo.

Sasa wageni. Miaka ile simu bado ni za kubonyeza, wakaja wa aina mbili kwa mpigo. Wamisri tisa, mafundi wa kuchimba visima kwenye mabonde ya kuelekea Mlola. Wamarekani sita, watu wa kuhesabu ndege na vinyonga msituni. Ndiyo, kuhesabu. Kwa mshahara. Wote walipanga kwenye uwanja mmoja wenye nyumba mbili, nje kidogo ya mji, na msimamizi wa uwanja huo alikuwa Singano.

Lishikeni hilo jina. Singano ndiye aliyekuwa na funguo za stoo, yaani sabuni, mkaa, mafuta ya taa, vyote vyake, na ndiye aliyegawa kazi. Kaniki alimpelekea gunia la hoho na jogoo. Mimi nilimpelekea shikamoo. Kaniki akapewa Wamarekani, mimi nikapewa Wamisri. Banda la kufulia lilikuwa moja, kwa hiyo kila siku nilisimama kwenye beseni langu nikiangalia beseni la mwenzangu.

Na nilichokiona ni hiki. Kulikuwa na kijana wa Kimarekani, Dani, mwenye mashati ishirini na nane. Niliyahesabu kwenye kamba ya Kaniki, roho inaniuma kila kibanio. Shati analivaa asubuhi, mchana liko kapuni, halijanuka hata. Kitufe kikikatika, hilo shati limekwisha, halirudi tena. Mifukoni: biskuti nusu, peremende, sarafu za kwao ambazo hakuna aliyewahi kuja kuziulizia. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, chai yake, kopo lake la siagi lililoandikwa jina kwa kalamu. Watu sita, makopo sita ya siagi!

Wamisri wangu kila mmoja alikuwa na ovaroli mbili, mashati mawili, kanzu moja ya Ijumaa na pajama ya mistari. Basi. Mifukoni nilikuta sukari iliyofungwa kwenye karatasi, tasbihi, picha za watoto zilizochakaa pembeni kwa kushikwa. Na wengine walikuwa watu wakubwa kwa kazi. Mkuu wao, Injinia Samir, mtu aliyesoma mpaka akamaliza, siku moja alikuja bandani mwenyewe na shati lake la heshima mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alikiokota visimani.

"Usta," akasema. Kwao ndivyo wanavyomwita fundi anayeheshimiwa. "Kola hii inageuzika?"

Kugeuza kola, kwa msiojua, unafumua mshono wa shingoni kwa wembe, unapindua upande uliolika uende chini, unashona upya. Shati linapata maisha mengine. Nikaitazama.

"Inageuzika, injinia. Lakini naona imeshageuzwa."

"Mke wangu aligeuza. Zamani."

"Sasa nikiigeuza tena, itarudi juu ile iliyolika kwanza."

Akafikiri. "Ipi imelika kidogo?"

Tulicheka wote wawili, na kule kwenye beseni lake Kaniki naye akacheka, ila cheko lake lilikuwa jingine. Niliigeuza ile kola. Baada ya hapo waliniletea wote tisa.

Nikasema, kumbe hawa ni wenzangu wa kuungaunga. Nikawaonea huruma kama wiki mbili hivi, na huruma ni kitu kitamu, inakufanya ujione una nafasi. Kisha Samir akanionyesha picha ya kwao. Jengo la ghorofa nne, matofali mekundu, halijapakwa plasta, na juu kabisa nondo zimetokeza kama nywele za mtu aliyeamka.

"Hizi nondo za nini?"

"Za ghorofa ya tano. Mdogo wetu akioa."

"Na hizo nne?"

"Ya chini ya baba. Ya pili yangu. Juu ndugu zangu."

"Mmepanga?"

Akashangaa swali. "Yetu, usta. Babu alinunua kiwanja, baba akaanza msingi. Kila mtu anaongeza kidogo."

Nilimrudishia picha yake, nikakamua shati lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa na nyumba ya fito na udongo kwenye mteremko, ukuta wa nyuma una ufa, na mke wangu Mwanahawa ameufunika kwa kanga ili wageni wasiuone. Kuanzia siku hiyo nikawaonea wivu na Wamisri pia. Kabla ya hapo nilikuwa nao wa Wamarekani tu, ulikuwa unabebeka.

Yule Dani, Kaniki alimuuliza kuhusu nyumba kwao. Akajibu anapanga, hata baba yake anahamahama, hajui wataishia mji gani. Msimwonee huruma. Alipoumwa jino walimpandisha ndege mpaka Nairobi. Mmisri mmoja, Fathi, aliumwa jino wiki hiyo hiyo. Akauma karafuu, akafunga taya kwa kitambaa, akaenda kusimama kwenye mtambo. Mmisri ana ghorofa na hana shati. Mmarekani ana mashati na hana nyumba, lakini akiugua anaruka. Mimi sikuwa na shati la maana wala nyumba ya maana, na meno yangu nimeyang'olea kwa mganga wa sokoni. Kwa hiyo mkitaka jibu la ubishi wenu, mimi ningebadilishana na yeyote kati yao, hata na kinyonga aliyekuwa akihesabiwa.

Ijumaa moja Kaniki akaja msikitini na shati la bluu la Dani, lililotupwa kwa ajili ya kitufe kimoja. Alikishona kitufe kwa dakika mbili. Akanisogelea tunapovaa viatu.

"Mgosi, bwana, wako wanakupa nini?"

"Dengu," nikasema.

"Dengu!" Akawageukia watu. "Jamani, Hoza anapewa dengu. Basi wewe shiba, ndugu yangu. Mie nivae."

Na ni kweli walinipa dengu, kila mchana, sinia moja na wao, na mkate, kitunguu na ndimu. Fathi alikuwa ananisogezea upande wenye vitunguu vilivyokaangwa. Zilikuwa tamu. Nilikuwa nakula huku nikiliwaza shati la bluu.

Ndipo ikaja habari ya nyumba. Mkubwa wa Wamarekani alikuwa mama mmoja aitwaye Lora, mwenye Kiswahili cha darasani, kila neno limenyooshwa kama limepigwa pasi. Akatuita wote wawili, mimi na Kaniki. Akasema wanahamia Amani, watakaa huko miaka mingi, na wanataka dobi mmoja wa kudumu. Huyo atapewa nyumba: vyumba viwili vya tofali za kuchoma, bati, umeme, bomba mlangoni. Akiacha kazi kwa uzee, nyumba inabaki yake. Kwa sababu hataki kupendelea, kila mmoja wetu atafua na kupiga pasi nguo zao wiki moja, kisha ataamua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya Kaniki. Alifanya vizuri, sitasema uongo. Mistari ya suruali zake ungeweza kukatia mkate.

Usiku wa kuamkia wiki yangu Mwanahawa alinivuta nyuma ya nyumba, akainua kanga. "Mwezi uliopita nilikuwa naingiza kidole," akasema. Akaingiza kiganja kizima kwenye ufa. "Baba Zuhura, masika yanaingia. Hiyo nyumba ya Amani usiniletee maneno. Niletee ufunguo."

Ukungu ulishuka Jumatatu na haukuinuka. Nami nikashikwa na mafua, pua imeziba kama imetiwa udongo. Nilikanyaga taulo mpaka nyayo zikawa nyeupe. Kufikia Alhamisi nilikuwa na mashati kumi na tisa yamekunjwa juu ya meza ya pasi, mwisho kabisa wa banda, yamepangana kama daftari mpya dukani. Bi Lora alipita, akagusa moja, akasema, "Vizuri sana, Bwana Hoza. Vizuri kuliko vizuri." Kaniki alikuwa mlangoni, akasikia.

Jana yake mtambo wa Wamisri ulikuwa umepasua bomba la mafuta huko bondeni. Ovaroli zao zote, walizovaa na za akiba walizobadilisha, zikaloa. Samir akaniletea kapu zima asubuhi hiyo ya Alhamisi. Ovaroli kumi na nane. "Usta, kesho bila hizi hatuna cha kuvaa." Nikasema usijali.

Ningeweza kumwambia subiri. Ningeweza kupeleka ovaroli nje chini ya mkaratusi hata kama kuna ukungu. Lakini nilitaka kumaliza mashati mengine ya Bi Lora, na pasi ilikuwa imeshakolea. Nikafanya vyote chini ya bati moja. Mzee Shemweta alikuwa ameshafariki, hakuna wa kunipiga kofi.

Mafuta ya mtambo hayatoki kwa sabuni peke yake. Unachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, unasugua doa, unaliacha lilegee, ndipo maji ya moto. Nikaenda stoo kwa Singano. Akanipa dumu.

"Mafuta ya taa haya?"

"Lile lile la siku zote. Unataka nikuapie?"

Halikuwa lile lile. Mafuta ya taa Singano alikuwa ameshayauza, na ili dumu lisionekane tupu akatia petroli ya jenereta. Alikuja kukiri mbele ya wazee wa kitongoji, tena kwa jeuri: "Na yeye si ana pua?" Pua nilikuwa nayo. Ilikuwa imeziba.

Ya Kaniki ilikuwa nzima. Aliingia bandani kuchukua ndoo yake, akasimama. Nilimwona akikunja uso. Akaangalia dumu, akaangalia beseni, akaangalia pasi, akaniangalia mimi. Kisha akabeba ndoo akatoka. Nilimuuliza baadaye, akasema, "Nilidhani umejua." Miaka yote hii nimelitafuna jibu hilo. Mtu akidhani umejua, husema "mgosi, angalia hapo." Si mzigo wa kubeba. Ni maneno matatu.

Watu wanadhani moto wa petroli unalipuka kama kwenye sinema. Mvuke ulipoifikia pasi, mimi nilisikia kama jitu linavuta pumzi. Beseni likasimama ni moto mtupu, mkono wa shati langu ukashika, nikatoka nje nikajitumbukiza kwenye pipa la kusuuzia. Nilikuwa mzima. Muelewe hapo: nilikuwa nje, nimeloa, mzima, mikono miwili.

Nikageuka. Kapu la ovaroli lilikuwa pale pale mlangoni, ndani hatua moja. Ningeinama tu ningelivuta. Mashati yalikuwa kule mwisho.

Nililiruka kapu.

Niliyafikia mashati, nikayakumbatia yote kumi na tisa, na wakati narudi kamba za nailoni za kuanikia zilikuwa zinayeyuka juu, zikanidondokea kwenye mkono wa kulia. Nailoni haikung'utiki. Inashika na nyama. Nilipotoka, kapu lilikuwa limeshashika, na hakukuwa na ovaroli hata moja ya kuokoa. Mashati hayakuungua.

Nyumba ya Amani alipewa Kaniki, nani mwingine? Dobi wa mkono mmoja wa kazi gani. Anakaa huko mpaka leo, amepanda maua, ana taa nje ya mlango inayowaka hata mchana. Ukuta wetu ulianguka masika yale yale, tukiwa shambani, tukahamia kwa shemeji. Nimemsamehe Singano, alikuwa mwizi na mwizi ndivyo alivyo. Kaniki sijamsamehe, na kila nikisikia mvua kwenye bati la mtu nakumbuka la kwake. Msiniambie wivu ni mbaya. Najua ulivyo, nimelala nao.

Lakini la hospitalini sijawahi kumsimulia mtu, hata Mwanahawa.

Nilikuwa nimelazwa siku ya pili, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Bi Lora akaja, analia kweli. Nyuma yake akaja Samir, akasimama ukutani kumpisha. Alikuwa amevaa pajama ya mistari, matope mpaka magotini.

"Bwana Hoza," Bi Lora akasema, "ulirudi motoni kwa ajili ya mashati yetu! Kwa nini? Mashati ni vitu tu. Yalinuka moshi, tumeshayatupa."

Samir alikuwa anasikia. Nilimwona akisikia.

Bi Lora akaeleza habari ya Kaniki na Amani kwa upole mwingi, akaacha matunda, akaondoka. Samir akavuta kiti.

"Mnafanya kazi?" nikamuuliza, ili niseme kitu.

"Tunafanya. Kwa pajama." Akajaribu kutabasamu. "Watu wa bondeni wanatoka kututazama. Fathi anasema tuwatoze kiingilio."

Hatukucheka. Akaiangalia bandeji yangu.

"Ovaroli zilikuwa wapi, usta?"

"Ndani kabisa," nikasema. "Nyuma ya meza."

Nje kulikuwa na mtu anapiga kelele za kuuza ndizi.

"Asubuhi ile kapu nililileta mimi," akasema. "Nililiweka mlangoni."

Sikuwa na pa kuangalia. Niliona kola ya pajama yake, ilikuwa nayo imelika, na hiyo hakuwahi kuniletea niigeuze. Nikamuuliza: "Wewe ungefanyaje, injinia?"

Alibandua kwanza matope yaliyokauka gotini kwa ukucha.

"Ningeanza na mashati ya Wamarekani," akasema. "Nimeshawaandikia barua mbili kuomba kazi. Hawajajibu."

Akainuka, akanisogezea matunda ya Bi Lora karibu na mkono wangu mzima, akaenda kisimani.